Santuri za Babu Ziingie Kwenye Kompyuta: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeulizwa barazani, kwenye simu, ndani ya boti ya Pemba, na mara moja mlangoni mwa msikiti nikitafuta kiatu changu cha pili. Mimi si fundi wa studio. Nilirithi sanduku la sahani za santuri kwa babu, nikaharibu tatu kabla sijapata akili, na tangu hapo nawatumikia majirani wenye masanduku kama lile. Ninayoyaandika ni ya kazi ya nyumbani, kwa vifaa vya mtu wa kawaida, na kwa hali ya hewa yetu ya Unguja.

Nitajuaje sahani yangu ni ya aina gani?

Ishike. Ikiwa nzito na ngumu kama kigae, na ukiigonga kwa kucha inalia, hiyo ni ya shelaki, na kwa kawaida huzunguka mara 78 kwa dakika. Ikiwa inapinda kidogo ukiibonyeza, ni ya vinaili: kubwa huzunguka mara 33 na theluthi, ndogo mara 45. Kubwa za vinaili ziliingia sokoni Marekani mwaka 1948 na ndogo 1949, lakini shelaki haikufa siku ile. India ziliendelea kutengenezwa hadi miaka ya 1960, ndiyo maana masanduku mengi ya hapa yana nyimbo za filamu za Kihindi juu ya shelaki, zimechanganyika na za Misri na taarabu ya kwetu.

Shelaki hutokana na utomvu unaotolewa na wadudu wadogo wa India juu ya matawi ya miti, ukachanganywa na unga wa mawe. Ni ndugu wa lakiri iliyokuwa ikipigwa muhuri juu ya barua. Udugu huo uweke kichwani, utakufaa tukifika kwenye kuosha.

Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 na wapigaji wake kurekodi kwa kampuni ya santuri ya HMV, sauti yake ilitiwa katika sahani za namna hii, upande mmoja kama dakika tatu tu. Ukikuta lebo yenye mbwa anayesikiliza gramafoni, ambayo ndiyo alama ya HMV, usiiache juu ya meza penye watoto.

Niipige kwanza nisikie kama ni nzima?

Hapana. Sahani iliyolala miaka 40 ina vumbi ndani ya mifereji, na sindano ikipita juu ya vumbi inalisaga na kulishindilia. Kile utakachokiharibu katika upigaji huo wa kwanza hakuna programu itakayokirudisha. Osha, kausha, ndipo upige, na unapopiga mara ya kwanza uwe tayari unarekodi. Watu wengi hupiga mara tano kwa furaha, wakaita majirani, halafu mara ya sita ndiyo wanarekodi.

Gramafoni ya babu ya kutia ufunguo bado inafanya kazi. Siwezi kuitumia?

Unaweza kuitumia kwa sahani usiyoijali. Sindano ya gramafoni ile inakandamiza kwa uzito unaozidi gramu 100. Kichwa cha pleya ya leo hukandamiza gramu 2 hivi kwa vinaili, na 3 hadi 5 kwa shelaki. Tena sindano ya chuma ilitakiwa ibadilishwe kila upande mmoja, kwa sababu ule unga wa mawe uliikwangua mpaka ikakaa sawa na mfereji. Wazee wetu wangapi walibadilisha kila upande? Sindano zilikuwa za kununua. Ndiyo maana sahani zilizopendwa sana ndizo zilizochakaa sana, na ile uliyoikuta inang'aa huenda ndiyo wimbo ambao nyumba nzima haikuupenda.

Nioshe kwa maji gani?

Si ya bomba na si ya kisima. Kisiwa chetu ni cha mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa. Tazama ndani ya birika lako la chai: yale magamba meupe ndiyo yatakayobaki ndani ya mfereji maji yakikauka, na baadhi ya visima vya karibu na pwani vina chumvi juu yake. Tumia maji yaliyosafishwa kwa mvuke, yale yanayouzwa kwenye maduka ya vipuri vya magari kwa kuongezea betri. Hapa uwe na macho. Ukisema "maji ya betri" tu, unaweza kupewa tindikali. Soma chupa, na kama huna hakika mwambie muuzaji wazi kwamba hutaki asidi.

Lita moja ya maji hayo, matone mawili matatu ya sabuni ya maji ya vyombo, basi. Funika lebo ya katikati kwa kifuniko cha plastiki au kwa mkono wako usiolowa. Tumia brashi ya nywele laini au kitambaa laini kisichotoa nyuzi, na ufuate mzunguko wa mifereji, usikate kutoka katikati kwenda nje. Suuza kwa maji yaleyale yasiyo na sabuni. Halafu simamisha kwenye kichanja cha vyombo. Ndiyo, sahani za santuri zinakaa vizuri kabisa pale zinapokaa sahani za wali, ilimradi umwambie mwenye jiko mapema.

Shelaki usiiloweke. Iosheni haraka na ikaushwe haraka.

Fundi mmoja ameniambia spiriti inatoa uchafu vizuri zaidi.

Inatoa uchafu, na inatoa sahani pia. Shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Hii ndiyo moja ya zile tatu nilizoziua: nilipangusa mara mbili, kitambaa kikawa cheusi, nikafurahi kwamba uchafu ulikuwa mwingi hivyo. Ulikuwa si uchafu. Sahani ikapoteza mng'aro upande mzima, na nilipoipiga ikatoa sauti ya mtu anayefagia changarawe. Sanitaiza ya mikono ni spiriti ileile. Manukato pia, kwa wale wanaopenda kila kitu kinukie.

Zimeota ukungu. Zimekufa?

Aghalabu hapana. Ukungu unapenda masika, na sanduku lililofungwa tangu Machi hadi Mei ndiyo shamba lake. Zitoe nje uwani, funga pua na mdomo, pangusa kwa brashi kavu huku umesimama upande upepo unakotoka, kisha osha kama nilivyoeleza. Mifuko ya karatasi iliyooza piga picha kama ina maandishi, halafu itupe, maana ukungu utarudi kutoka humo.

Kosa la watu wa Pemba, na nawasema kwa sababu nusu ya ukoo wangu ni wa Wete, ni kuzianika juani juu ya jamvi. Sahani si karafuu. Vinaili ikipata jua la saa sita inajikunja kama chapati, na shelaki nayo inalainika. Kaushia kivulini, penye upepo.

Ninahitaji vifaa gani?

Pleya yenye kasi ya 78, na sindano mbili: moja ya vinaili na moja ya shelaki. Mifereji ya shelaki ni mipana sana. Sindano yake ina ncha ya mikroni 75 hivi, ile ya vinaili 18 hadi 25. Ukitia sindano ya vinaili kwenye shelaki inazama hadi chini na kukokota takataka zote za sakafuni, kama anayetafuta kaa kwenye tope. Watu wakisema "sahani hii imekwisha", mara nyingi kilichokosekana ni sindano.

Baada ya hapo unahitaji kikuza sauti cha pleya (pleya nyingi za kisasa zinacho ndani), waya, njia ya kuingizia sauti kwenye kompyuta, na programu. Mimi natumia Audacity, ni ya bure. Kuweka simu mbele ya spika si kurekodi santuri, ni kurekodi chumba, pamoja na feni na jogoo wa jirani.

Pleya yangu inaishia 45. Nifanyeje na za 78?

Ipige kwa 45, rekodi, halafu iongeze kasi ndani ya kompyuta. Zidisha kwa 1.733, yaani ongeza asilimia 73.3. Ukiipiga kwa 33 na theluthi, zidisha kwa 2.34. Audacity ina mahali pa kuchagua kasi ya mwanzo na ya mwisho bila wewe kupiga hesabu. Kasoro yake ni kwamba kikuza sauti cha pleya kinarekebisha besi na sauti nyembamba kwa kudhani kasi ni sahihi, kwa hiyo wimbo utakuja na mizani ambayo utalazimika kuitengeneza kwa sikio. Kwa sahani iliyo dhaifu au iliyopinda, njia hii inasaidia hata kwa mwenye pleya ya 78, kwa sababu sindano inatembea polepole na hairuki.

Na kuhusu hiyo 78 yenyewe: si kila sahani ilirekodiwa kwa kasi hiyo barabara. Kama wimbo unasikika mwimbaji amebanwa pua au amechoka, mwite mpiga udi au fidla akusikilizie. Sikio lake lina thamani kuliko namba iliyo kwenye lebo.

Kuna mvumo chini ya sauti yote. Unatoka wapi?

Kwenye umeme. Umeme wetu unapiga mara 50 kwa sekunde, na mvumo huo unaingia kwenye waya pamoja na vizidisho vyake, 100 na 150. Kabla ya kugusa programu yoyote, funga ule waya mwembamba wa ardhi unaotoka kwenye pleya, watu wengi wanauacha unaning'inia. Chomoa chaja ya laptopu, irekodi kwa betri. Friji na feni visiwe kwenye soketi moja na pleya, na simu iwekwe chumba kingine. Mara nyingi mvumo unaondoka wote hapo.

Wenye jenereta wasikilize zaidi. Baadhi ya pleya za zamani zina mota inayofuata mapigo ya umeme. Jenereta ndogo ikipiga 52 badala ya 50, wimbo wako umepanda asilimia 4, na hutajua mpaka siku utakapoulinganisha na nakala nyingine. Sisi tuliokuwa Unguja ule mwaka 2008 umeme ulipokatika kuanzia Mei hadi Juni, na tena kuanzia Desemba 2009 hadi Machi 2010, tulijifunza mengi kuhusu jenereta. Rekodi nilizofanya katika miezi ile ya pili nimezirudia zote.

Kipimo cha kuaminika ni karatasi ya duara yenye mistari 77, unayoiweka juu ya pleya inayozunguka chini ya taa ya balbu ya zamani au tyubu. Kwa umeme wa 50, mistari ikionekana imesimama, uko kwenye mizunguko 77.92, na hiyo inatosha. Taa nyingi za kisasa za LED hazifai kwa kazi hii. Na kama taa yenyewe inakula jenereta ileile, kipimo kinadanganyika pamoja na mota.

Nirekodi kwa ubora gani?

WAV, biti 24, kilohezi 96 kama diski yako ina nafasi. Hiyo ni kama megabaiti 35 kwa dakika, basi upande wa dakika tatu unakula mia na kidogo. Ukibanwa, biti 16 na kilohezi 44.1 ni megabaiti 10 na nusu hivi kwa dakika. Kilele cha sauti kisifike juu kabisa, kiache desibeli 6 za nafasi, maana mkwaruzo mmoja mkubwa unaweza kuruka juu ya mwimbaji. MP3 ni ya kuwatumia jamaa kwenye WhatsApp, haifai kuwa nakala ya kuhifadhi.

Sasa mikwaruzo. Naitoaje yote?

Usiitoe yote. Hapa ndipo ninapogombana na watu, basi nitakaa kidogo.

Kelele za santuri ni tatu. Kuna tak-tak, za michubuko na mavumbi. Kuna ile ya samaki anayekaangwa, isiyokatika, ambayo ni ule unga wa mawe wenyewe unasugua sindano. Na kuna mvumo, tuliokwishauzungumza. Kila moja ina dawa yake, na dawa ya moja ni sumu ya nyingine.

Kwanza kabisa hifadhi faili ghafi, kama lilivyotoka kwenye sindano, na usiliguse tena maisha yako yote. Fanya kazi kwenye nakala. Ninaapa kwamba miaka kumi baadaye utataka kurudi pale, kwa sababu programu zinakuwa bora na masikio yako pia.

Pili, shelaki ni sauti ya njia moja, haina kulia na kushoto. Ukirekodi njia zote mbili halafu ukazichanganya kuwa moja, sehemu kubwa ya kelele inayotokana na sindano kupanda na kushuka inajifuta yenyewe, bure, bila kuumiza wimbo. Wakati mwingine njia moja ni safi kuliko nyingine, maana ukuta mmoja wa mfereji ulichakaa zaidi. Sikiliza kila moja peke yake kabla hujachanganya.

Tatu, tak-tak. Kifaa cha kuziondoa kinatafuta kitu kinachopanda ghafla na kushuka ghafla. Sasa fikiri ni nini kingine katika taarabu kinachopanda ghafla: kidole kwenye nyuzi za kanuni, risha ya udi, kofi la dumbaki, na ile "t" na "k" za mwimbaji anayetamka maneno yake kwa adabu. Ukikaza kifaa, kinakula vyote hivyo, na unabaki na orkestra iliyovaa soksi. Kiweke hafifu, kisha yale makubwa yaliyobaki yaondoe kwa mkono moja moja. Ni kazi ya subira, kama kuchambua mchele.

Nne, ile ya kukaanga. Unachagua sekunde moja mbili za mwanzo kabla wimbo haujaanza, programu inajifunza kelele hiyo, halafu unaipunguza. Ipunguze desibeli 6, usizidi 9. Vijana wanaweka 24 kwa sababu kimya kinawafurahisha. Lakini vibati vya rika (lile tari dogo) na pumzi ya mwimbaji vinaishi palepale penye kelele hiyo, na ukizidisha vinageuka sauti ya maji yanayobubujika. Audacity ina sehemu inayokusikilizisha kile tu kinachoondolewa. Itumie kila mara. Ukisikia humo kelele tupu, endelea. Ukisikia mtu anaimba ndani ya takataka, umezidisha.

Wimbo unakatika katikati. Sahani mbovu?

Geuza upande wa pili. Wimbo mrefu uligawanywa. Hifadhi pande mbili mbalimbali, halafu tengeneza nakala moja iliyounganishwa kwa kusikiliza.

Ina ufa lakini haijavunjika.

Inapigika, kwa uangalifu. Itatoa tak mara moja kila mzunguko, yaani 78 kwa dakika, 234 kwa dakika tatu. Unaziondoa kwa mkono jioni mbili. Vipande vilivyoachana usivigundishe kwa gundi ya dukani. Vitie kwenye bahasha moja, uandike juu yake.

Nitaandikaje majina ya mafaili? Lebo nyingine sizielewi.

Piga picha lebo pande zote mbili kwanza. Andika pia ile namba iliyochongwa karibu na lebo, ndiyo kitambulisho cha rekodi, na inabaki hata karatasi ikitoka. Lebo nyingine zina hati za Kiarabu au Kigujarati. Kwenye mitaa ya Mji Mkongwe humkosi mzee wa kukusomea, na mwenye skuli ya Kurani karibu hana udhuru.

Halafu keti na mzee wa nyumba, mpigie, na uache simu inarekodi. Mara moja bi mkubwa mmoja alinambia sahani niliyoiandika "mwimbaji hajulikani" ilikuwa ya shoga wa mama yake, akataja na mtaa. Jambo hilo halikuwemo kwenye lebo yoyote. Mimi nilikuwa nimemaliza wiki nzima nikipunguza kelele za sahani ile, na jina lenyewe lilikuwa nyumba ya pili.

Naweza kuweka YouTube?

Kumiliki sahani si kumiliki wimbo. Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003, na COSOZA, wanaosimamia hakimiliki Zanzibar, ndio wa kuulizwa. Waulize na warithi wa msanii, mara nyingi wanajulikana kwa mtaa. Kusikiliza nyumbani na kuitunza ni jambo moja, kuirusha dunia nzima ni jingine.

Baada ya kuhamisha, sahani zenyewe nizitupe?

Usitupe! Zisimamishe wima kama vitabu, zisilaliane ndani ya sanduku, maana za chini ndizo zinazovunjika. Sanduku la njumu ni zuri kwa kanga. Usitie vidonge vya kuzuia wadudu. Na chumba chake kisiwe kile cha kufukizia: udi wa kupiga unazifaa santuri, udi wa kufukiza moshi wake unaganda juu yake.

Mafaili yawe na nakala tatu, moja nje ya nyumba yako. Yangu ya tatu iko kwa dada yangu Chake Chake, kwenye kabati la vikombe. Na kama familia haina wa kuzitunza sahani, Nyaraka za Taifa pale Kilimani ni mahali pa kubisha hodi kabla ya kumwita mnunuzi wa watalii.

Unatoza kiasi gani?

Maji na sindano ni juu yako. Mimi naomba mambo mawili: nibaki na nakala ya faili ghafi, na mzee mmoja wa nyumba aje pamoja na sahani, si mtoto wa kutumwa. Usilete Ijumaa mchana. Na usilete kwa vespa, hata ukiendesha taratibu na umezipakata kifuani. Sahani mbili za mwisho zilizokuja kwa vespa zilifika zikiwa saba.